POSTA YA KUTISHA ILIYOPIMWA NA CHAWA

Kuna posta imezagaa mjini siku kadhaa sasa. Ipo kwenye kurasa za mastaa, ipo kwenye status za WhatsApp, na nakala zake za karatasi zimebandikwa kwenye nguzo kuanzia Sinza mpaka Mbagala. Juu kabisa kuna uso wa staa wa kike, amepakwa poda akapakika, kope za kubandika, mdomo umeachama kidogo kama mtu aliyeshtuliwa na bei ya gari. Pembeni yake yupo staa wa kiume, kifua wazi. (Kwa nini kifua wazi, hakuna anayejua. Walioiona filamu wanasema jamaa havui shati hata mara moja.) Chini yao kuna nyumba inawaka moto, makaburi matatu, popo, paka mweusi na radi. Na katikati ya vurugu hiyo, mkubwa kuliko nyumba, yupo bibi kizee. Kilemba kimelegea, meno mawili, macho yamejazwa rangi nyekundu ya kompyuta mpaka yanawaka kama taa za breki.

Hiyo ndiyo posta ya filamu ya kutisha ya prodyuza mmoja mkubwa hapa Dar. Jina halina haja, anayetaka kumjua atamjua kwa miwani ya jua anayovaa mpaka usiku. Kilicholeta povu ni kauli yake kwamba posta hii "imefanyiwa utafiti kwa watazamaji". Angesema tu kwamba ameipenda, yangeisha. Pesa zake, posta yake. Lakini kasema imepimwa. Basi na ijulikane ilivyopimwa.

Ilipimwa kwenye kundi la WhatsApp. Saa nne usiku bosi akatupia picha na maneno: "Team, kazi ndiyo hii, semeni ukweli." Wa kwanza kujibu ni kijana anayesubiri nafasi kwenye filamu ijayo: moto, moto, moto. Wa pili ni aliyebandika zile kope. Wa tatu ni chawa kamili, yule aliyenunuliwa simu mwaka jana: "Boss umeua, wengine wakalale." Akatokea mtu mmoja tu kuuliza mbona bibi ni mkubwa kuliko nyumba, akaambiwa asilete gundu. Asubuhi ikawekwa Insta, staa akaisambaza, mioyo ikamiminika, na kufika mchana utafiti ukatangazwa kwamba umekamilika.

Sasa chawa ana sababu gani ya kukiambia kichwa kwamba kinahitaji kuoshwa? Anakula hapo. Watu wote waliojibu usiku ule wana kitu wanachokisubiri kutoka kwa muulizaji: nafasi, simu, nauli, au kupigwa picha naye. Hao hawawezi kupima hata chumvi ya mchuzi wake. Na zile laiki za Insta ni za uso wa staa. Mwezi uliopita dada huyohuyo aliweka picha ya sahani ya makange, ikapata mioyo mingi kuliko posta. Hakuna aliyesema makange yale ni filamu nzuri.

Kinachouma zaidi ni kwamba posta ilipimwa kweli, na bosi aliyatupa majibu.

Aliyeipima ni kijana wa grafiki, mwenye meza yake kwenye duka la stationery maeneo ya Mwenge, ambaye hadi leo kalipwa nusu. Huyu alifanya kitu ambacho watu wengi kwenye timu hawakufanya: alisoma muswada wa filamu mpaka mwisho. Habari yenyewe ni nzuri, tena nzuri kuliko posta inavyostahili. Familia inapanga nyumba Kigamboni: baba, mama, watoto wawili, na bibi mzaa baba aliyeletwa mjini kutibiwa. Kila asubuhi vyombo vinakutwa vimeoshwa na hakuna aliyeviosha. Mambo yanaharibika, lawama zinamwangukia bibi, mpaka majirani wanataka kumfukuza. Mwisho inajulikana kwamba bibi ndiye pekee aliyekuwa haujui usingizi, anakesha amekaa mlangoni kwa wajukuu ili hicho kinachoosha vyombo kisiingie.

Posta ya kwanza ya kijana ilikuwa na jiko lenye giza. Taa moja. Stendi ya vyombo, na sahani sita zimepangwa, zinachuruzika maji. Chini kwa herufi ndogo: Nyumba hii ina watu watano. Halafu jina la filamu, basi.

Bosi alipoiona akauliza, "Staa wangu yuko wapi? Hili tangazo la sabuni?" Akaagiza ile ya bibi na popo. Kijana akaifanya, kazi ni kazi. Lakini akachapa zote mbili kwenye karatasi, akatoka nazo. Alikwenda kituo cha daladala, saluni, kwa mama lishe, na jioni kwenye kibanda umiza kimoja Manzese ambako watu hulipa kuangalia filamu kila siku ya Mungu. Hakusema posta ni zake. Hakumwonyesha mtu mmoja zote mbili. Huyu alipewa hii, yule ile. Aliinua karatasi kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, akaigeuza, akauliza: umeona nini? Unadhani filamu inahusu nini? Ungeiangalia na nani? Akaandika majibu kwenye daftari, maneno kama yalivyotoka.

Wapo watakaosema huo ni utani wa kitoto. Sivyo. Ndivyo kazi hii inavyofanywa duniani kote, tofauti ni kodi ya ofisi tu. Mtu hupewa muda mfupi kwa sababu barabarani hana muda mrefu. Anaulizwa ameona nini, kwa sababu mara nyingi alichokiona sicho mchoraji alichodhani amekichora. Na haulizwi kama ni nzuri. Hapa Bongo ukimwuliza mtu usoni "nzuri?" atasema nzuri, hata kama amechukizwa, maana kalelewa hivyo. Mgeni hasemi chakula kimeungua. Lakini ukimwambia akusimulie filamu inahusu nini, adabu haina pa kujificha. Ataeleza au hataeleza.

Majibu ya posta ya bibi na popo yalifanana: watu walicheka. "Komedi hiyo," alisema mmoja wa kibanda umiza, na wenzake wakaanza kubishana ni komedi ya nani. Wengine walimtambua staa, wakataja mpenzi wake, gari lake na bifu lake, wakamaliza bila kusema neno juu ya filamu. Hakuna aliyeweza kueleza hadithi. Wangewezaje? Posta ina moto, makaburi, popo, radi na kifua. Mtu akikupigia kelele saba kwa mpigo husikii hata moja. Tena siku hizi posta inaonwa kwanza kwenye simu, ikiwa na ukubwa wa kiberiti. Ukiipunguza hivyo, popo na makaburi yanageuka madoa. Kinachobaki ni kifua na macho mekundu.

Ile ya sahani watu hawakuisifu. Hilo ni la kusema kwa haki: wengine waliuliza kama ni tangazo la vyombo, kwa hiyo bosi hakukosea kabisa. Lakini dereva bodaboda mmoja aliomba karatasi irudishwe, akahesabu sahani kwa kidole, akahesabu tena, akauliza, "Sasa huyo wa sita nani?" Msichana wa saluni alisema ataiangalia na dada yake, peke yake hapana. Mama lishe hakutaka kabisa karatasi ile ibandikwe ukutani kwake, maana yeye ndiye wa mwisho kufunga usiku na vyombo anaviacha palepale. Kwa filamu ya kutisha hakuna alama kubwa kuliko hiyo. Mtu anayesema "inatisha sana, hongera" hajatishika. Aliyetishika anahesabu mara mbili.

Kisha likaja jibu ambalo ndilo lilipaswa kusimamisha kila kitu. Kwenye kituo cha daladala kulikuwa na mama mmoja anauza matunda, mtu wa Shinyanga. Alionyeshwa ile ya bibi. Hakucheka. Aliuliza, "Huyu bibi wa wapi?" Kijana akasema hajui. Mama akasema kwao bibi mwenye macho hivyo halali kwa amani, akairudisha karatasi ikiwa imegeuzwa chini.

Kijana aliandika na hilo, akapiga picha daftari zima, akamtumia bosi. Jibu lilikuja kwa sauti, na kwa kuwa mjini hakuna siri, limeshavuja: "Hao siyo watu wangu. Watu wangu wapo Insta."

Kwa wale wa Insta ambao hawajui mama yule alikuwa anazungumzia nini, ni hivi. Kanda ya Ziwa na Tabora, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa panga na kwa moto kwa tuhuma za uchawi, na "ushahidi" unaotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo hayana siri yoyote. Ni moshi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwenye nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni, au kwa mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa pale kuni zilipokwisha, macho yake yatakuwa mekundu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika mauaji haya kwenye ripoti zake, na ipo miaka ambayo idadi yake nchi nzima ilifika mamia. Julai 2017, wilayani Nzega, wanawake watano waliuawa na miili yao kuchomwa kwa tuhuma hizohizo. Wakati mwingine nyuma ya uchawi kuna shamba: bibi mjane ana ardhi, kuna mtu anaitaka, na macho mekundu yanakuwa kisingizio cha bei rahisi.

Sasa chukua bibi huyo, mkuze awe mkubwa kuliko nyumba, mjaze rangi machoni, muweke kwenye kituo cha mabasi Kahama. Nani anayetishwa hapo? Mtoto wa Masaki atacheka. Bibi wa kijijini aliyekuja mjini kumwona mjukuu atapita chini ya bango lenye sura yake, na wapitaji watamwangalia yeye, watalitazama bango, watamwangalia tena.

Na hapo bado halijaguswa suala la picha yenyewe. Bibi wa kwenye posta siye aliyeigiza. Mwigizaji wa filamu alionekana "ana sura ya upole", kwa hiyo ikatafutwa picha kwenye intaneti. Ni bibi wa mtu, mahali fulani, aliyepigwa picha na mpita njia, na hakuna aliyemwomba ruhusa wala aliyempa hata jero. Macho yake kwenye picha ya awali yalikuwa ya kawaida. Uwekundu umeongezwa kwa agizo.

Utetezi umeshaanza, na wapambe wanaurudia kama kiitikio. Kwanza, wanasema filamu ya kutisha lazima itishe. Sawa kabisa, na ndiyo maana inashangaza kuona posta inayochekesha. Posta ya The Exorcist ya mwaka 1973, kazi ya Bill Gold, ina mwanamume mwenye mkoba amesimama usiku nje ya nyumba, mwanga unamwangukia kutoka dirishani. Basi. Binti aliyepagawa haonekani, uso wake ambao dunia nzima ilikuja kuuogopa umeachwa ndani ya ukumbi kwa waliolipa kiingilio. Jaws ya 1975 ilimwonyesha mnyama, tena bila aibu: ule mchoro wa Roger Kastel, ambao ulitoka kwenye jalada la kitabu, una papa mkubwa anapanda kutoka chini na mwanamke anaogelea juu, hana habari. Hofu yote iko kwenye hilo la kutokuwa na habari. Mtazamaji anajua, yeye hajui. Kwenye posta ya bosi kila mtu anajua kila kitu na wote wanaangalia kamera.

Pili, wanasema hapa Bongo bila uso wa staa filamu haiuzi. Hoja hii ina ukweli wake na haifai kubezwa. Enzi za kanda na DVD za Kariakoo mnunuzi alisimama mbele ya ukuta wa makava, akatafuta uso anaoujua, akalipa. Tabia ile haijafa. Lakini Rosemary's Baby ya 1968 ilikuwa na uso wa Mia Farrow, mkubwa, umejaa posta nzima, na mbele yake kivuli cha kigari cha mtoto mchanga kimesimama peke yake juu ya miamba. Staa yupo na hofu ipo. Kijana wa Mwenge angeweza kumweka dada yule mlangoni mwa jiko, nusu uso gizani, anaziangalia sahani. Alipendekeza hivyo. Staa akakataa kukatwa nusu uso, kwa sababu upande unaoingia gizani ndio upande wake mzuri.

Tatu, na hii ndiyo hoja pekee yenye meno, wanasema posta za kelele ziliuza Afrika nzima, angalieni Ghana. Ni kweli. Miaka ya 1980 na 1990, watu wa Ghana waliokuwa wakizunguka na televisheni, deki na jenereta walichorewa posta za mkono kwenye magunia ya unga, zenye damu, nyoka na vichwa vilivyokatwa, na wachoraji wengine walikuwa hawajaiona filamu yenyewe. Leo wazungu wanazitundika kwenye kuta za makumbusho. Lakini zile posta zilipimwa kila jioni, na waliozipima walikuwa watu wenye hela mkononi wamesimama mlangoni. Wakipita bila kulipa, mwenye deki halali na kitu tumboni. Mchoraji alimjua mtazamaji wake kwa jina. Prodyuza huyu hajakanyaga kibanda umiza tangu apate miwani.

Hapahapa nyumbani, wakati Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na baadaye Shumileta miaka ya 2000, filamu za kutisha za Kiswahili zilipata watu wake. Walinunua kwa sababu zile hofu zilikuwa za kwao, za hadithi walizolala nazo utotoni. Hofu ya nyumbani ina nguvu, na kitu chenye nguvu hukishiki kizembe. Zanzibar mwaka 1995, hofu ya popobawa ilipopanda, watu walilala nje kwa makundi wakiwasha moto, na mtu mmoja mwenye matatizo ya akili aliuawa na kundi lililodhani ndiye. Hakuna posta iliyosababisha hayo. Lakini anayefanya biashara ya hofu katika nchi hizi hawezi kujifanya hajui inakoweza kufika.

Na posta mbaya hurudishwa, hata huko wanakokuita Hollywood. Mwaka 2007 filamu iitwayo Captivity ilibandikiwa mabango Los Angeles na New York yakimwonyesha mwanamke anatekwa, anateswa, anauawa, hatua kwa hatua. Wazazi na wakazi wakalalamika, mabango yakashushwa, waandaaji wakajitetea kwamba mchapaji alitumiwa mafaili yasiyo yenyewe, na chama cha studio za filamu cha Marekani kikasimamisha kwa muda kuipa filamu hiyo daraja la umri. Kisingizio cha mafaili ni dhaifu, ila angalau walishusha. Hapa mtu ametumiwa onyo kabla ya kuchapa, limeandikwa kwa kalamu, lina tarehe, na amelisikiliza kwa kurekodi sauti ya dharau.

Kubwa kuliko yote ni kwamba posta imeisaliti filamu. Muswada mzima unauliza kwa nini watu wazima na akili zao walimdhania ubaya bibi wa watu. Anayeingia ukumbini baada ya kuiona posta ameshaambiwa bibi ni mchawi, na anayebaki nje, ambaye ni wengi zaidi, atabaki na hilo peke yake. Mwandishi wa muswada, dada mmoja ambaye jina lake kwenye posta limeandikwa dogo kuliko namba ya simu ya saluni iliyodhamini, ameshauriwa anyamaze mpaka filamu imalize mzunguko.

Mzunguko wenyewe umetangazwa: baada ya Dar ni Mwanza, Shinyanga na Kahama. Sahani sita zipo bado kwenye kompyuta ya kijana pale Mwenge, faili kamili, tayari kwa kuchapwa. Mabango ya Kanda ya Ziwa yenye bibi yameshachapwa. Hadi jana jioni yalikuwa kwa mchapaji Kariakoo, yamefungwa kwa kamba, yanasubiri bosi amalizie salio.